Namna ya kukagua rekodi ya mtafiti wa kansa: pepa zake, saitesheni zake, na kipi hasa cha kuamini

Mwaka juzi mama mdogo alikutwa na kansa ya shingo ya kizazi, na wiki ileile kwenye grupu la familia la WhatsApp ikarushwa picha ya profesa mmoja wa nje, suti safi, chini yake maandishi makubwa kwamba ni mtafiti bingwa wa kansa, tafiti zaidi ya 300, ametajwa na wenzake mara elfu kumi na kitu, alafu bei ya matibabu ambayo hata tungeuza kiwanja cha Kibaha bado tungedaiwa. Wajomba wakaanza kutafuta mnunuzi kweli. Mi ni mkutubi kwenye chuo kimoja cha afya, hizi pepa na hizi namba ndo kazi yangu ya kila siku, nikawaomba wanipe siku mbili tu kabla hawajasaini chochote.

Nilichokuta ni kwamba zile tafiti 300 zilikuwa za watu wawili tofauti wenye jina moja waliochanganywa kwenye ukurasa mmoja, na ile tiba aliyokuwa anaiuza haikuwa imejaribiwa kwa binadamu kwenye pepa hata moja, ilikuwa kwenye seli za maabara na panya basi. Kiwanja kikabaki. Mama mdogo akaenda Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, akapata mionzi na kemo, sa hivi anaenda kliniki ya kufuatiliwa kila baada ya miezi kadhaa.

Tangu hapo watu wananitumia majina. Wengine ni familia kama yetu, wengine ni wanafunzi wa mastaz na PhD wanaotafuta supavaiza, na wote swali lao ni lilelile, huyu mtu ni mtafiti wa kweli au namba tu? Nimeamua kuandika hatua zangu zote hapa, utahitaji simu au laptopu, bando la kawaida tu, na saa moja au mbili za utulivu. Usifanye haraka. Kwenye kansa haraka ndo inayotuuzia vitu.

Maneno mawili kwanza ili twende pamoja. Pepa ni makala ya utafiti iliyochapishwa kwenye jarida la kisayansi. Saitesheni ni pale pepa nyingine inapoitaja ile ya kwanza kwenye orodha ya marejeo yake. Pepa yako ikitajwa na pepa 50 za watu wengine, una saitesheni 50. Ndo hivo tu, hakuna uchawi, na ona hapo hapo kwamba kutajwa si kusifiwa, mtu anaweza kukutaja ili aseme umekosea na bado kompyuta ikakuhesabia moja.

Hatua ya 1: hakikisha unamtafuta mtu mmoja

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo inayoharibu kila kitu. Kwetu Tanzania mtu ana jina lake, la baba na la babu, leo kaandika pepa kwa jina la babu mwishoni, kesho kwa jina la baba, akiolewa anaongeza lingine, na majarida ya nje yanachukua jina la mwisho na herufi za mwanzo tu. Sasa chukua jina kama Mushi J, hebu fikiria Moshi peke yake kuna akina Mushi J wangapi. Wachina wana shida hiyohiyo na akina Wang na Zhang, tena kubwa zaidi.

Kwa hiyo andika kwenye karatasi: jina kamili, namna zote anazoweza kuwa ameandikwa, chuo au hospitali alizopitia, na kansa anayoishughulikia. Alafu tafuta ORCID yake. Hii ni namba ya tarakimu 16 ambayo mtafiti anajisajilia bure, ilianza 2012, na kazi yake ni hiyo tu, kumtofautisha na wenye jina kama lake. Mara nyingi iko kwenye ukurasa wa kwanza wa pepa karibu na jina, kialama cha kijani. Ukiipata umeokoa nusu ya kazi, ila kumbuka mwenyewe ndo anaijaza, kwa hiyo isiwe ushahidi wako pekee.

Hatua ya 2: anzia PubMed, siyo kwenye tovuti yake

PubMed ni kanzidata ya bure ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ipo mtandaoni tangu 1996 na sa hivi ina rekodi zaidi ya milioni 35 za afya na tiba. Kwenye kile kisanduku cha kutafutia usiandike jina tu, andika hivi: Mushi J[au] AND Dar es Salaam[ad]. Hiyo au inamwambia natafuta mwandishi, ad ni anwani ya taasisi. Kama una ORCID, weka namba yake ikifuatiwa na [auid]. Ongeza neno kama cervical au breast kama matokeo bado ni mengi.

Hesabu unachokiona alafu linganisha na anachokitangaza. Tofauti ndogo ni kawaida kabisa, manake majarida mengi ya Afrika hayamo PubMed, kwa hiyo pita pia African Journals Online, AJOL wanaiita, ipo tangu 1998 na ina majarida yetu mengi ambayo wazungu hawayahesabu. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona kijana anamdharau mwalimu wake mzuri eti PubMed ana pepa tisa tu, kumbe kazi zake nyingi ziko kwenye majarida ya hapa hapa ukanda wetu. Ila tofauti ikiwa 300 kwa 14, hapo simama uulize.

Na kinyume chake pia, kuwepo PubMed siyo cheti cha ubora. Kuna pepa dhaifu zinaingia kupitia milango kadhaa, kwa hiyo usimwambie mtu "iko PubMed" ukadhani umemaliza.

Hatua ya 3: zigawe pepa zake kwa aina

Hapa ndo mimi nakaa muda mrefu kuliko pengine popote na nakuomba na wewe ukae. Chukua karatasi, piga mistari, ugawe: za seli za maabara, za panya, ripoti ya mgonjwa mmoja, za takwimu na uchunguzi wa jamii, majaribio ya tiba kwa binadamu, na pepa za mapitio, zile ambazo mwandishi hafanyi utafiti mpya bali anakusanya na kueleza walichofanya wengine.

Kwanini? Kwa sababu saitesheni hazigawanyiki sawa kwenye hizo aina. Mapitio yanatajwa sana kwa sababu ni njia ya mkato, mtu anaandika utangulizi wake anataja mapitio moja badala ya pepa ishirini. Mfano mkubwa wa kansa ni ile ya Douglas Hanahan na Robert Weinberg ya mwaka 2000 kwenye jarida la Cell, wakaeleza tabia ambazo seli inazipata mpaka inakuwa kansa, wakairudia kwa upana 2011. Ni miongoni mwa pepa zilizotajwa sana kwenye fani nzima, na ni haki yake, imewafundisha watu kufikiri. Lakini hakuna mgonjwa aliyepewa dawa ndani yake. Sasa mtu akiwa na saitesheni elfu nane zote za mapitio na hajawahi kuwa kwenye jaribio la tiba, ni mwandishi mzuri wa sayansi, siyo lazima awe mtu wa kukuambia uache mionzi ya hospitali ufuate dawa yake.

PubMed ina vichujio upande wa kushoto (kwenye simu vinajificha, bonyeza uvifungue), chagua clinical trial, uone zinabaki ngapi. Kwa profesa wetu wa WhatsApp zilibaki sifuri.

Hatua ya 4: angalia amekaa wapi kwenye foleni ya majina

Kwenye pepa za tiba na baiolojia, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi yenyewe, aliyekaa na data na kuandika. Jina la mwisho ni la mkubwa wa maabara au mradi, aliyetafuta hela na kusimamia. Wa katikati wamechangia, wengine sana wengine kidogo. Mwenye alama ya imeili ndo wa kuulizwa maswali.

Kijana akiwa wa kwanza mara nyingi ni dalili nzuri. Mtu mwenye miaka 25 kazini ambaye ni wa katikati kwenye kila pepa, hajawahi kuwa wa kwanza wala wa mwisho, hapo uliza alichokifanya. Majarida mengi sa hivi yana sehemu mwishoni inayoeleza nani alifanya nini, isome, ni mistari mitano tu.

Kuna kitu kimoja lazima ukijue ukiwa unakagua watafiti wetu wa Afrika Mashariki. Zipo pepa kubwa za kimataifa za mzigo wa magonjwa duniani, zinatoka kwenye jarida la Lancet zikiwa na waandishi mamia, na zinatajwa maelfu ya mara. Mtu akiwa humo mara nne tu, saitesheni zake zinaruka juu kama mlingoti. Siyo wizi, wamechangia data za nchi yao na wanastahili jina. Ila ukitaka kujua yeye mwenyewe anafanya nini, ziweke pembeni kwanza alafu uangalie zilizobaki.

Hatua ya 5: sasa ndo uje kwenye saitesheni na h-indeksi

Nenda Google Scholar, kitafutio cha Google cha pepa, tafuta jina, kama ana ukurasa wake utaona jumla ya saitesheni, h-indeksi na i10, na grafu ya miaka. Watu wengi wanaishia hapa na wengi ndo wanaanzia hapa, mi nimekuweka hatua ya tano makusudi.

H-indeksi ilipendekezwa 2005 na Jorge Hirsch, ambaye ni mwanafizikia wa California, wala siyo mtu wa kansa. Inahesabiwa hivi. Panga pepa zako kuanzia iliyotajwa zaidi. Tuseme una saba, zimetajwa mara 90, 40, 12, 6, 5, 3 na 0. Shuka nazo ukihesabu: ya kwanza ina angalau 1, ya pili ina angalau 2, ya tatu ina angalau 3, ya nne ina 6 kwa hiyo inapita, ya tano ina 5, inapita kwa tabu, ya sita ina 3 tu, inakwama. H yako ni 5. Yani una pepa 5 ambazo kila moja imetajwa mara 5 au zaidi. Hiyo i10 ni rahisi zaidi, ni idadi ya pepa zilizotajwa mara 10 na kuendelea, hapo una 3.

Ona sasa inachokificha. Ile pepa ya 90 ingekuwa na 9,000, h yako ingebaki 5 ileile. Mtu aliyeandika pepa tatu zilizobadilisha dunia hawezi kuvuka 3. Na h haishuki kamwe, mtu akistaafu inaendelea kupanda taratibu akiwa kwake analima, kwa hiyo ukilinganisha mzee wa miaka 60 na dada aliyemaliza PhD juzi, alafu katikati akazaa watoto wawili, umelinganisha umri siyo kazi. Hirsch mwenyewe aliandika kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya makadirio ya juu juu ya kazi ya mtu, ila hiyo sentensi yake hainukuliwi sana kama namba yake.

Mambo ya kuangalia ukiwa kwenye ukurasa huo wa Scholar. Moja, shuka orodha nzima, usiishie kumi za juu, uone kama kuna pepa za mambo ya ajabu, mtu wa kansa ya titi ana pepa ya kilimo cha mihogo na ya daraja la chuma, hapo kompyuta imemchanganya na mwenzake na yeye hajazitoa. Mbili, angalia grafu, kama saitesheni zinapanda taratibu miaka kumi ni mti uliokua, kama zimelipuka mwaka mmoja bofya uone ni pepa gani. Tatu, bofya ile namba ya saitesheni ya pepa moja moja, itakufungulia orodha ya waliomtaja. Ukiona ni yeye mwenyewe na wenzake walewale watatu wanatajana kwa zamu, umeshajua. Kujitaja siyo dhambi, kila mtu anaendeleza kazi yake ya nyuma, shida ni pale ambapo nje ya nyumba yake hakuna anayemjua.

Na usishangae namba za Scholar kuwa kubwa kuliko za Scopus au Web of Science, kanzidata nyingine mbili za saitesheni. Scholar inaokota hadi tasnifu, ripoti na pepa ambazo hazijapitiwa bado, hizo mbili zinachagua majarida. Scopus unaweza kumtafuta mwandishi bure bila kulipia, linganisha. Kitu muhimu ni usichukue ya mmoja kwenye Scholar ukalinganisha na ya mwingine kwenye Scopus, hapo unapima mmoja kwa kilo mwingine kwa debe.

Hatua ya 6: mlinganishe na wa fani yake

Anayefanya jeni za kansa ya mapafu ana maelfu ya wenzake duniani wa kumtaja. Anayefanya kansa ya koo la chakula Kilimanjaro na bonde la ufa la Kenya, ambayo kwetu ni tatizo kubwa na kwao siyo sana, ana wenzake wachache, atatajwa kidogo hata akiwa bora kuliko wote. Namba zao haziongei lugha moja.

Kuna kifaa cha bure cha NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kinaitwa iCite kinasaidia hapa. Unachukua namba za PubMed za pepa zake (PMID, iko kwenye kila rekodi), unazibandika, kinakupa kipimo kinachoitwa RCR ambacho kinaangalia pepa imetajwa kiasi gani ukilinganisha na za fani yake na za wakati wake. 1 ni kiwango cha katikati cha pepa zilizofadhiliwa na NIH, 2 ni mara mbili ya hapo, 0.5 ni nusu. Kizuri zaidi, kinakuonyesha kama pepa imetajwa na pepa za kitabibu, yani majaribio na miongozo ya matibabu. Mi nikiulizwa niangalie kitu kimoja tu kuhusu mtafiti wa kansa naangalia hapo kabla ya h-indeksi. Pepa za mwaka huu na mwaka jana usizihukumu, bado mbichi.

Hatua ya 7: jarida, kwa kifupi

Utasikia "kachapisha kwenye jarida lenye impakti fakta kubwa". Impakti fakta ni wastani wa saitesheni ambazo pepa za jarida za miaka miwili iliyopita zimepata mwaka huu. Ni kipimo cha jarida, siyo cha mtu wala cha pepa. Mfano mzuri uko kwenye kansa yenyewe: jarida la CA la chama cha kansa cha Marekani lina impakti fakta ya zaidi ya 200, hakuna linalolikaribia, na sababu kubwa ni kwamba linatoa zile takwimu za kansa za kila mwaka na za dunia ambazo kila mwandishi wa kansa anazitaja kwenye sentensi yake ya kwanza. Na Nature wenyewe waliwahi kuandika 2005 kwamba asilimia 89 ya impakti fakta yao ilitokana na asilimia 25 tu ya pepa zao. Kwa hiyo pepa nyingi za kwenye jarida kubwa zinabebwa na jirani.

Cha kuangalia zaidi ni upande wa chini: jarida la ovyo. Linaahidi kuchapisha ndani ya siku tatu, linatuma imeili za kusifia "ewe profesa mashuhuri", jina lake linafanana na la jarida maarufu kwa herufi moja. Mtafiti akiwa na moja humo labda alikosea akiwa kijana, wengi wameliwa hela hivo. Akiwa na 40 humo, hakukosea.

Hatua ya 8: tafuta kama kuna pepa iliyofutwa

Hii usiiruke hata kama unampenda mtu. Pepa ikigundulika ina makosa makubwa au udanganyifu, jarida linaifuta rasmi, na PubMed inaweka tangazo juu kabisa ya rekodi. Kwenye kutafuta ongeza AND "retracted publication"[pt] baada ya jina. Alafu nenda kwenye kanzidata ya Retraction Watch, ni bure, ingiza jina.

Nikueleze kisa cha kwanini. Mwaka 2006 Anil Potti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, na wenzake walitoa pepa kwenye Nature Medicine wakisema wanaweza kusoma jeni za uvimbe wa mgonjwa na kujua kemo ipi itamfaa. Ilikuwa habari kubwa, jarida kubwa, ikatajwa sana, na Duke ikaanza majaribio kwa wagonjwa. Kule Houston, kwenye kituo cha kansa cha MD Anderson, wataalamu wawili wa takwimu, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wakajaribu kurudia hesabu zilezile kwa data zilezile wakashindwa. Wakakuta majina ya jeni yamesogea mstari mmoja kwenye jedwali, na lebo za seli zinazosikia dawa na zisizosikia zimegeuzwa. Hebu fikiria, mgonjwa unampa dawa ambayo hesabu sahihi ingesema ndo isiyomfaa. Waliandika barua, walichapisha, walipuuzwa muda mrefu. Kilichokuja kumwangusha Potti 2010 ni kugundulika aliandika kwenye wasifu wake kwamba alipata Rhodes, ufadhili maarufu wa kusoma Oxford, na hakuupata, akajiuzulu Novemba, majaribio yakasimamishwa, pepa ikafutwa 2011, na 2015 ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikasema wazi kulikuwa na data za uongo.

Saitesheni zake zote hazikuonyesha hata moja ya hayo. Ungeangalia namba zake mwaka 2008 ungemwona nyota. Kilichoonyesha ni watu wawili waliokaa chini wakafungua data.

Kwa hiyo ukifika hatua hii, mbali na kuangalia pepa zilizofutwa, bofya orodha ya waliomtaja utafute yeyote aliyeandika kwamba alijaribu kurudia. Mwaka 2012 Glenn Begley na Lee Ellis waliripoti kwamba wanasayansi wa kampuni ya dawa ya Amgen walijaribu kurudia tafiti 53 kubwa za kansa wakafanikiwa 6 tu. Sita. Hizo 47 nyingine haina maana zote ni uongo, lakini zilikuwa zinatajwa kama kawaida. Na uwe mwenye haki pia: mtafiti aliyegundua kosa lake akaomba mwenyewe pepa ifutwe ni mtu wa kumwamini zaidi, soma sababu ya kufutwa kabla hujasambaza skrini shoti.

Hatua ya 9: uliza kazi yake iligusa nini nje ya pepa

Kule Mwanza walifanya jaribio linaitwa DoRIS, wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wakagawanywa kupata dozi moja, mbili au tatu za chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha kansa ya shingo ya kizazi. Kenya wakafanya KEN SHE, wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Kisumu, Thika na Nairobi, na dozi moja ikazuia maambukizi ya aina 16 na 18 kwa asilimia 97.5 ndani ya miezi 18. Zote matokeo yalitoka 2022, na Desemba mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema ratiba ya dozi moja inakubalika. Ukiwa na mama mdogo kama wangu unaelewa hilo lina maana gani, dozi moja badala ya mbili ni watoto mara mbili kwa chanjo ileile. Saitesheni za pepa hizi ni za kwao, lakini mahali pa kuzitafuta ni kwenye waraka wa WHO na kwenye mkono wa mtoto wa darasa la nne.

Kwa hiyo fungua miongozo ya matibabu ya kansa anayoishughulikia mtafiti wako, ya WHO au ya wizara, shuka kwenye marejeo, tafuta jina lake. Mara moja humo nzito kuliko mia kwingine.

Na wakati mwingine hata marejeo hayaonyeshi. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, Kampala, akaona watoto wanavimba taya kwa namna isiyo ya kawaida, 1958 akaandika pepa ya watoto 38 kwenye jarida la upasuaji la Uingereza na mwanzoni haikushtua watu. Miaka mitatu baadaye akaendesha gari kutoka Kampala mpaka Afrika Kusini, maili kama 10,000, anaingia hospitali baada ya hospitali akiuliza "mmeona watoto wa hivi?", akakuta ugonjwa unafuata joto na mvua, kama malaria. Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, akaomba sampuli, na 1964 yeye na wenzake wakatangaza kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu. Leo watu wanaandika "limfoma ya Burkitt" kila siku bila kuitaja ile pepa ya 1958, jina limeshakuwa la ugonjwa, kompyuta haihesabu.

Hatua ya 10: muulize mwenyewe

Kama wewe ni mgonjwa au ndugu, swali ni moja: tiba hii imesajiliwa wapi kama jaribio? Majaribio halali yana namba, kwenye rejista ya Marekani ya ClinicalTrials.gov inaanza na NCT na tarakimu nane. Ingiza namba usome ni nani anaendesha, hospitali gani, na kama kuna malipo. Mtu akikuambia ni utafiti na hapohapo anakutoza mamilioni bila namba, ondoka.

Kama ni mwanafunzi unatafuta supavaiza, angalia pepa ambazo yeye ni wa mwisho, uone waliokuwa wa kwanza ni akina nani. Kama ni wanafunzi wake, na baada ya miaka mitatu minne wanaonekana wenyewe wakiwa na pepa zao, huyo analea. Kama wa kwanza ni yeye na wa mwisho ni yeye, utafanya kazi na jina lako litapotea. Watafute wawili waliopita kwake, wapigie, waulize bila kuzunguka.

Na kwa wote: chagua pepa zake tatu uzisome, siyo muhtasari tu. Ukikutana na ukuta wa kulipia usikate tamaa, wahi maktaba ya chuo chochote chenye Hinari, ni mpango wa WHO tangu 2002 unaozipa nchi zetu majarida bure au kwa bei ya chini, muombe mkutubi, tupo kwa ajili hiyo. Ukikosa kabisa mwandikie mwandishi mwenyewe kwenye ile imeili ya pepa, mistari mitatu inatosha, jina lako, pepa unayoitaka, na swali moja la kweli ulilonalo. Wengi wanatuma PDF bila shida na wanafurahi mtu kasoma. Wiki mbili zikipita kimya mwandikie yule wa jina la kwanza, mara nyingi ni kijana, ndo aliyekaa na data usiku, na atakujibu vizuri kuliko bosi wake.